"Kaka, ushajamba?"

Mwaka jana utumbo wangu mpana ulijisokota, wakakata kipande wakaunganisha, na kuanzia hapo kila asubuhi nesi akifika kitandani salamu yake ni moja tu, "kaka, ushajamba?" Niliona aibu sana maana jirani anasikia, ila siku ya tatu hewa ilipotoka nilimwita mwenyewe. Hiyo hewa ndo ishara utumbo umeamka, kwasababu ukishaguswaguswa kwenye opareshini unazubaa. Mimi kilichonisaidia ni kutembea koridoni hata kama mshono unavuta, na bigijii, msicheke, daktari mwenyewe aliruhusu, ukitafuna utumbo unadhani chakula kinakuja.

Nyumbani ndo nikaharibu. Wiki ya pili shangazi kaja na makande ya mahindi yasiyokobolewa, "kula baba upate nguvu", nami kwa kumwogopa nikamaliza sahani. Usiku tumbo likawa kama ngoma, likanisokota mpaka alfajiri. Yale maganda hayasagiki jamani, na pale walipounga bado pamevimba, njia nyembamba. Nikarudi kwenye maelekezo niliyopewa: uji laini wa sembe, mtori, wali mweupe, viazi, mayai, samaki, supu isiyo na mafuta mengi, kidogokidogo mara tano sita kwa siku, unatafuna kweli kweli. Nilienda hivyo wiki 6, ndo nikaanza kurudisha kimoja kimoja, papai, kisha mchicha ulioiva vizuri, maharage mwisho kabisa, na kila kipya nasubiri siku mbili nione tumbo linasemaje.

Choo nacho msishtuke. Kuna siku nilienda mara 6, laini, halafu siku mbili kimya, na vidonge vya maumivu vya tramadol navyo vinafunga choo, mwambie daktari. Usijikamue, kunywa maji ya kutosha, ukiharisha sana tumia ORS. Ila tumbo likijaa likawa gumu, unatapika, hewa haitoki, au homa imepanda, hapo usinunue dawa ya kufungua choo duka la dawa, kimbia hospitali usiku huohuo.

Makande nimekuja kula tena mwezi wa nne tangu opareshini, yaliyokobolewa, vijiko vichache. Shangazi alikaa pembeni ananiangalia mdomoni kama mtihani.