Sekunde mbili za aibu

Diski ya kwanza ya CD niliyochoma kutokana na taarabu niliyoirekodi ukumbini niliipeleka kwa mzee mmoja mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, hapa Unguja. Tukakaa sebuleni kwake kusikiliza. Bashrafu, ule muziki wa ufunguzi usio na maneno, ikaisha, makofi yakaanza, vigelegele vikapanda, mara kimya. Sekunde mbili hazina hata pumzi, kisha vigelegele vikarudi pale pale vilipoachwa. Mzee akanigeukia: "Mwanangu, umeme ulikatika?"

Umeme ulikuwepo. Niliiacha programu ya kuchoma iandike wimbo mmoja mmoja, na kwa mtindo huo leza huzimwa kila wimbo unapoisha, pakabaki pengo la sekunde mbili. Nyimbo za studio zinastahimili pengo hilo, lakini ukumbi uliojaa watu haunyamazi ghafla. Chagua kuchoma diski nzima kwa mkupuo mmoja, na pengo baina ya nyimbo liweke sifuri.

Hapo nilidhani nimemaliza. Diski ya pili ikawa na mlio mdogo, "tk", kila wimbo ulipobadilika. Sauti kwenye CD hupangwa kwa vipande, 75 kwa kila sekunde, na kila kipande kina sampuli, yaani vipimo vya sauti, 588 kwa kila upande wa stirio. Ukikata katikati ya kipande, programu nyingi hujaza kilichobaki kwa ukimya, na sikio huweza kulinasa pengo hilo hata likiwa dogo. Katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, unaweza kuamuru mikato yako iangukie kwenye mipaka ya vipande vya CD. Tangu nianze kufanya hivyo, "tk" sijaisikia tena.

Ila fuata mpangilio. Kinasa sauti changu hurekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, na CD inataka 44,100 na biti 16. Mimi nilikuwa nakata kwanza, nabadilisha baadaye, na mikato yote ikahama mahali pake. Badilisha rekodi nzima kwanza, kisha ukate.

Na kiwango cha sauti kipandishe kwa rekodi nzima, usipandishe wimbo mmoja mmoja. Ukishughulikia kila wimbo peke yake, makofi yaleyale yatakuwa makubwa mwisho wa wimbo huu na madogo mwanzo wa ule unaofuata. Ukomo wa kupandisha huwekwa na sauti kubwa kuliko zote, na anayekuzuia kwa kawaida si mwimbaji. Ni yule bibi aliyekwenda kutuza, akapiga kigelegele sentimita chache kutoka kwenye maikrofoni. Mtafute alipo, mshushe desibeli nne au tano kwa mkono, hapo hapo tu. Kuibana rekodi yote kwa sababu yake ni kuwaonea wapiga udi.

Wapi pa kukata? Mimi hukata baada ya maneno ya mshereheshaji na baada ya fidla kulinganishwa, ili anayeruka moja kwa moja kwenye wimbo apokewe na muziki. Mke wangu anapinga. Anasema kule kulinganisha ndiko kunakomtia hamu. Kwake nimechoma nakala yake.

Diski ya kawaida huchukua dakika 80, na nyimbo za taarabu ni ndefu, kwa hiyo usiku mmoja waweza kula diski mbili au tatu. Gawa palipo na mapumziko. Usishtuke ukiona mafaili yako yamefika megabaiti 800 na diski imeandikwa 700. Hesabu ile ni ya data, ambayo hutengewa nafasi zaidi ya kusahihisha makosa. Kwenye diski ya sauti tazama dakika tu.

Diski ya tatu mzee aliisikiliza mpaka mwisho, macho kayafumba. Makofi hakuyataja kabisa. Alilalamika kwamba fidla ya pili ilikuwa imelinganishwa chini kidogo usiku ule, na kwamba sasa kila mtu ataisikia.