Kiapo cha kuruta, posho, na pesa ya "kusogeza jina"

SWALI: Assalaam alaykum shehe, shikamoo. Mimi ni kijana wa Ujiji, nimemaliza kidato cha nne na jina langu limetoka kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa kujitolea, kambi ya Msange huko kwenu Tabora. Wenzangu wa madrasa wananiambia kiapo cha utii ni shirki kwa sababu unaapa kumtii binadamu. Mwingine kanishauri nitamke kwa mdomo tu, moyoni niweke nia yangu. Je, kiapo kile kinanifunga? Mshahara wake ni halali? Na kumpigia saluti mtu mdogo kwangu, pengine si Muislamu, kuna ubaya? La mwisho, mjomba amepata mtu anayesema akipewa milioni moja na nusu atanisogezea jina niingie jeshini moja kwa moja nikimaliza mafunzo. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba mwanangu.

La mjomba umeliweka mwisho kama dogo. Nami nitaliacha mwisho, ila kwa sababu nataka usome kwanza habari ya kiapo, ndipo uone kwa nini lile ni zito kuliko haya mengine yote.

Wenzako wamechanganya mambo mawili. Kilichokatazwa ni kuapa kwa kiumbe, yaani kumtaja kiumbe mahali pa Mungu ukitaka usadikiwe. Mtume (S.A.W.) amesema mwenye kuapa na aape kwa Mwenyezi Mungu, au anyamaze. Ama kuahidi utii kwa mtawala, hilo Maswahaba wamelifanya hadharani. Abdullah bin Umar amesimulia kuwa walipokuwa wakimpa Mtume ahadi ya kusikia na kutii, yeye mwenyewe alikuwa akiwaongezea: "katika mnayoyaweza." Kuruta anaahidi utii kwa Jamhuri na kwa Rais, ambaye kwa Katiba yetu ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Hamwabudu. Ukipewa Msahafu uushike, ushike kwa adabu na useme unalolijua maana yake. Imamu Shafii alisema aliwahi kumwona kadhi huko Sanaa akiwaapisha watu kwa Msahafu, naye akaliona jambo zuri.

Sasa huyu aliyekushauri utamke kwa mdomo na moyo uende kwingine. Ushauri huu ndio ulionitia wasiwasi zaidi, maana vijana wengi wanaudhani ni ujanja wa kisheria. Katika Sahihi Muslim imekuja kwamba kiapo huhesabiwa kwa nia ya yule anayekuapisha. Hapo uwanjani mbele ya mgeni rasmi, anayekuapisha ana haki ya kukutaka kiapo hicho, wala hakudhulumu. Basi maneno yako yatachukuliwa kama alivyoyaelewa yeye. Nia uliyoificha haikufungui hata kidogo. Inakuongezea uongo tu juu ya ahadi. Na usije ukafikiri kwamba ukichoka utafunga siku tatu au utalisha maskini kumi, ukatoroka kambini. Kafara iliyotajwa katika Suratul Maida aya ya 89 ni ya kiapo ulichovunja baina yako na Mola wako. Mkataba wenye haki za watu ndani yake haumalizwi na sahani kumi za wali. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun Nahl, aya ya 91: timizeni ahadi ya Mwenyezi Mungu mnapoahidi, wala msivunje viapo baada ya kuvithibitisha. Kwa hiyo kama una shaka, shaka iulize leo ukiwa Ujiji. Ukishaapa, umeapa.

Na zipo ahadi ndani ya kazi hii ambazo vijana huzisahau. Kwa Katiba, mwanajeshi ni marufuku kujiunga na chama cha siasa; kura atapiga, lakini kadi ya chama hashiki. Nakutajia hili kwa sababu nawajua watu wa mwisho wa reli, siasa mnaipenda kama mgebuka.

Utaniuliza, je, nikiamriwa haramu? Ali (R.A.) anasimulia kisa hiki, kimo katika Bukhari na Muslim. Mtume alituma kikosi, akakiwekea amiri kutoka katika Ansari, akawaamrisha wamtii. Njiani amiri akawakasirikia. Akawaambia: "Je, Mtume hakuwaamrisheni mnitii?" Wakasema: ndiyo. Akawaamrisha wakusanye kuni, wakakusanya. Wawashe moto, wakawasha. Kisha akawaambia: ingieni. Wakatazamana. Wengine wakakusudia kuingia, wengine wakawashika na kusema: sisi kwa Mtume tulikimbilia kuukimbia moto. Wakakaa hivyo mpaka moto ukazimika, na hasira za amiri zikatulia. Habari ilipomfikia Mtume akasema: lau wangeliingia, wasingetoka humo, hakika utii ni katika mema. Angalia jinsi walivyokusanya kuni, jinsi walivyowasha. Kuni ni kazi nzito, lakini si dhambi, na kuruta atabebeshwa kuni na magogo mpaka mabega yavimbe. Kulalamika kuhusu kuni hakuruhusiwi na kisa hiki. Kinachokataliwa ni moto.

Kuhusu malipo, kwanza rekebisha hesabu yako. Ukiwa kijana wa kujitolea JKT hupati mshahara, unapata posho. Mkataba ni wa miaka miwili na jeshi halikuahidi ajira baada yake. Hiyo ndiyo ijara, yaani makubaliano ya kazi kwa malipo, uliyoikubali, na ujira wake unajulikana. Huna dhuluma ya kudai ukirudishwa nyumbani na cheti. Ukija kuandikishwa JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, hapo ndipo penye mshahara, nao hupanda kwa cheo na miaka ya utumishi. Ni halali. Umar bin Khattab ndiye aliyeweka daftari la askari, diwani, majina yakaandikwa na kila mtu akajua fungu lake. Malipo ya askari si jambo lililozuka juzi na Wazungu.

Ipo hadithi katika Bukhari ambayo ningependa kila kuruta aihifadhi, na kila mhasibu wa jeshi pia. Mwenyezi Mungu anasema kuna watu watatu atakaokuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina lake kisha akasaliti, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake yote, asimpe ujira wake. Aliyevunja kiapo na aliyekata mshahara wa mtu wamewekwa safu moja. Mkubwa anayekula posho za vijana hana pa kujificha, lakini na kijana hawezi kusema "wamenidhulumu posho, basi kiapo kimeanguka."

Sisi wa Tabora tunalijua hili kwa historia. Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kule Colito, Dar es Salaam, na kesho yake kikosi cha pili kilichokuwa hapa kwetu kikafuata. Walitaka mishahara iongezwe na maafisa wa Kiingereza waondoke. Ukiyatazama madai yenyewe, si ya upuuzi. Nchi imepata uhuru tangu Desemba 1961 na anayetoa amri bado ni yule yule. Lakini njia waliyoishika iliifikisha nchi pabaya: ikabidi serikali iite wanamaji wa Uingereza, wakatua Januari 25, jeshi likavunjwa, na Septemba 1 mwaka ule ule ikazaliwa JWTZ. Kwangu mimi haki yao katika mshahara ilikuwa jambo moja, na bunduki waliyoishika kwa kiapo ilikuwa jambo jingine.

Halafu jingine katika pesa: ukishalipwa, chako ni kile ulicholipwa. Mtume amesema tutakayempa kazi na tukamruzuku riziki yake, atakachochukua zaidi ya hapo ni hiana. Lita tano za dizeli zilizotolewa kwenye tangi la gari la kambi usiku na kuuzwa barabarani kwa bodaboda zinaingia hapa. Mabuti ya serikali yaliyouzwa sokoni pia.

Saluti ni nyepesi. Si rukuu wala sijda, ni salamu ya kazi. Na umri usikusumbue. Luteni usu atatoka Monduli, kwenye chuo cha maafisa wa jeshi, ana nyota moja na ndevu hazijakamilika, atampa amri sajini aliyetumikia miaka ishirini, na sajini ataitika "afande." Usama bin Zaid alipewa jeshi akiwa kijana wa miaka isiyozidi ishirini, wakubwa wakanung'unika, Mtume akamtetea. Mtume alipofariki, Abu Bakar akawa khalifa, akatoka kulisindikiza jeshi lile kwa miguu, Usama akiwa juu ya mnyama. Alipotaka Umar abaki naye Madina, hakuamrisha. Alimwomba ruhusa Usama. Dini ya afande wako haina nafasi hapa, muradi anachoamrisha ni chema.

Tumefika kwa mjomba wako. Mtume amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Wapo wanachuoni walioruhusu mtu kutoa kitu ili kuiokoa haki yake iliyozuiwa na dhalimu, na najua mjomba atakuletea hiyo. Haikuhusu. Nafasi ya jeshi bado si haki yako; kuna kijana wa Kasulu au Urambo mwenye sifa kama zako au zaidi, na pesa ile ni ya kumtoa yeye. Ukiingia hivyo kisha ukafanya kazi kwa sifa za kweli, mshahara utakuwa ni wa kazi yako, lakini utabaki na toba na haki ya mtu usiyemjua hata jina. Ukiingia kwa cheti cha kughushi ni kubaya zaidi, maana umekalia kazi usiyostahili. Na fikiria siku ya gwaride la kufunga mafunzo: mkono umenyanyuka, unaahidi uaminifu, ilhali uliingia kwa hiana. Sasa shirki waliyoiogopa wenzako haimo katika kiapo, ila uongo utakuwamo.

Isitoshe, huyo mtu wa mjomba yaelekea ni tapeli tu. Jeshi limeshatangaza mara nyingi kwamba nafasi haziuzwi. Zungumza na mjomba kwa heshima, faragha, usimfedheheshe mbele ya shangazi zako. Amefanya kwa kukupenda. Kama pesa imeshatoka, aidai kabla hujapanda treni. Akikasirika, mwambie aniulize mimi. Wallahu aalam.