Uyoga Ukinukia Lozi, Usikimbilie Sufuria

Mvua za masika zikishachanganya, simu yangu hujaa picha za uyoga. Mtu ametoka kutembea Karura au msitu wa Ngong Road hapa Nairobi, amekuta uyoga mweupe chini ya miti, anauliza: huu unaliwa? Picha haina harufu, na harufu ndiyo ninayoitaka kwanza.

Katika jamii ya Agaricus, ukoo mmoja na uyoga wa supamaketi, zimo aina zinazonukia lozi au shamari, na nyingi huliwa. Shida ni pacha wao, Agaricus xanthodermus. Kwa macho utaapa ni uleule.

Usinuse juu ya kofia. Hapo utapata majani makavu tu. Ng'oa hadi mwisho wa shina, kata kile kibonge cha chini kwa kisu, unuse papo hapo. (Umepaka sanitaiza? Mpe mwenzio anuse.) Xanthodermus hunuka wino au dawa ya kusafishia choo, na pale ulipokata hugeuka njano kali mara moja. Ukiupika ndiyo kwanza harufu inazidi. Atakayeula huenda akashinda akitapika na kuhara.

Ukinukia vizuri, bado. Weka kofia juu ya karatasi, funika kwa bakuli, ulale. Asubuhi Agaricus huwa ameacha unga wa kahawia iliyokolea. Unga wa kijani ni wa Chlorophyllum molybdites, ule wa kwenye nyasi, nao hutapisha vibaya. Unga mweupe, tupa bila kujadiliana: huenda ni Amanita, jamii yenye uyoga unaoua. Amanita phalloides ukiwa mchanga nao hunukia utamu kidogo, sumu yake haitoki kwa kuchemsha, na tumbo huanza kuuma baada ya saa 6 au zaidi, ini likiwa limeshaanza kushambuliwa.

Waliokulia Kakamega huniambia wao uyoga wanaujua tangu utotoni. Naam, wa kichuguu. Lakini misitu ya Nairobi ina misindano na mikaratusi iliyoletwa kutoka nje, na miche husafiri na uyoga wake kwenye udongo.

Karura ni msitu wa serikali, huchumi bila kibali. Fanyia majaribio kwenye shamba la mtu unayemfahamu. Na kama kuna aliyekwisha kula na una wasiwasi, mpeleke hospitali sasa hivi, hata kama haumwi, ukiwa na mabaki ya uyoga kwenye mfuko wa karatasi.