Shanga nyeupe za Kabogo

Maswali ya wasanii, yakijibiwa na mama mchoraji wa Mwanga, Kigoma

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Ujiji, nina miaka 24, nachora kwa rangi za kupakia milango maana ndizo ninazozimudu. Nataka kuchora picha tano kuhusu ziwa letu, Tanganyika: mizimu aliyotusimulia bibi, na pia ile miezi mitatu ya kufungwa kwa uvuvi. Baba mdogo ni mvuvi. Nilipomwonyesha michoro ya mwanzo alisema nimewachora wavuvi kama wezi. Shehe wa mtaani kwetu aliitazama ya mzimu akasema nachezea shirki. Halafu kuna mtu wa mradi wa mazingira, yeye anasema niondoe mizimu, niweke chupa za plastiki, atanunua zote. Mpaka sasa nimemaliza picha moja tu, ya mwanamke mwenye mkia wa samaki anayelia. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu unayouliza ndiyo niliyohangaika nayo tangu nishike brashi.

Tuanze na huyo mwanamke mwenye mkia. Na mimi nilimchora nikiwa na umri kama wako, kwenye ubao wa mtumbwi uliovunjwa. Nikampeleka mwaloni Katonga kwa fahari. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa juani akaacha kazi, akafuta mikono kwenye kanga, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Huyu nani?" Nikamwambia ni mzimu wa ziwa. "Wa ziwa lipi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemtoa kwenye picha zinazotoka ng'ambo, Kongo, ambako wachoraji wanamwita mamba muntu. Huko ana kisa chake, cha utajiri unaokuja kwa siri na kwa masharti. Ni kisa kizuri, lakini bibi yako hakukusimulia hicho.

Rudi kwa bibi yako. Kama ametangulia, tafuta wa rika lake. Usimuulize mzimu ana sura gani. Muulize mahali: jabali gani, mdomo wa mto gani, watu walikatazwa nini pale, nani aliruhusiwa kupita na kwa sharti gani. Mizimu ya kwetu ina anwani.

Chukua Kabogo. Stanley, yule msafiri mzungu, alipokuwa anakaribia Ujiji mwaka 1871 aliandika alichoambiwa na wenyeji: kwamba huo ni mlima wenye mashimo marefu, na upepo ukivuma maji huingia humo yakanguruma kama radi. Mashua nyingi zilipotelea hapo. Kwa hiyo wapitaji, Waarabu kwa wenyeji, walikuwa wakitupa majini vipande vya nguo, merikani na kaniki, na hasa shanga nyeupe, kumtuliza mulungu wa ziwa. Aliyetupa alipita salama.

Tafakari zile shanga. Zama hizo shanga zilikuwa fedha, sokoni Ujiji ulinunua nazo chakula. Nahodha alipofika pale alitoa fedha yake mwenyewe, akaiachia maji, akakiri kwa mkono wake kwamba njia ile si mali yake. Mimi naona hapo dini na siasa ya maji vimekaa ndani ya kitendo kimoja. Nani anapita? Kwa ruhusa ya nani? Na nani anatoa shanga?

Sasa njoo mwaka 2024. Ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Nchi zinazolizunguka ni nne, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, na samaki hawajui mpaka, kwa hiyo kupumzisha upande mmoja peke yake kusingefaa kitu. Mimi naunga mkono kulipumzisha ziwa, nasema wazi. Lakini narudi kwenye swali la shanga. Nahodha wa Kabogo alitoa za kwake. Miezi ile mitatu, nani alizitoa? Mwenye vyombo vingi na duka mjini alikula dukani. Kijana wa kipe, chombo cha kuvulia dagaa kwa taa, anayelipwa kwa mgawo wa kilichopatikana hakuwa na mgawo. Mama wa chanja hakuwa na cha kuanika. Picha yako iko hapo, mwanangu, na baba mdogo wako ameliona pengo kabla yako. Umemchora akiwa na wavu mkononi kwa sababu ndivyo mabango yanavyomchora. Nenda kakae naye. Muulize asubuhi ya tarehe 15 Mei aliamka saa ngapi, na alifanya nini na mikono yake.

Mimi baba yangu alikuwa na kipe. Kazi yangu utotoni ilikuwa karabai. Jua likikaribia kuzama nazifuta vioo kwa gazeti, najaza mafuta ya taa, napampu mpaka kidole gumba kinauma, utambi unatoa kwanza mwali wa njano unaotapatapa, kisha unatulia na kuwa mweupe na kuanza kuvuma. Ule mvumo ndio niliokuwa nalala nao masikioni. Usiku wa giza ungesimama ufukweni ukaona mji mwingine umewashwa juu ya maji. Siku za mbalamwezi vyombo vilipumzika, maana dagaa hawaifuati taa wakati mwezi unawaka kila mahali. Baba alikuwa akisema zile ni siku za ziwa, si zetu. Hakuna aliyemwandikia sheria. Leo taa ni za betri na sola, hazivumi. Kama ningekuwa na nafasi ya kuchora moja tu katika zako tano, ningechora taa imening'inia ukutani sebuleni mwezi Juni, imezimwa, na watoto wanakula chini yake.

Kuhusu shehe, usigombane naye, ana haki ya kuuliza unakusudia nini. Kusimulia walivyoamini wazee si kuwaabudu waliowaabudu, na hilo unaweza kumweleza kwa adabu. Lakini mimi ningekwenda kwake na ombi tofauti: anifundishe maji kwa upande wake. Suratul Anbiyaa, aya ya 30, inasema kila kilicho hai kimefanywa kutokana na maji. Wanafunzi wa madrasa wanafundishwa wasifanye israfu katika udhu hata wakiwa kwenye mto unaotiririka. Ufukweni Ujiji, wakati plastiki na matumbo ya samaki vinakufuata mpaka kifundoni, hilo ni somo la mazingira lenye nguvu kuliko bango lolote. Kuna pia kombe: aya iliyoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Maandishi yanayoingia ndani ya maji na maji ndani ya mtu! Sikuambii uichore aya. Sahani peke yake, yenye doa la njano lililobaki pembeni, inatosha. Ila muulize yeye kwanza. Na ukitembea Jumapili moja kando ya ziwa utaona walokole wakibatizwa, wamevaa meupe, maji kifuani. Hao nao wanaingia ziwa lilelile wanaloingia wavuvi.

Mtu wa mradi sasa. Hapa nina kidonda. Miaka iliyopita niliuza picha kwa watu waliokuja na nia njema na gari zuri. Ilikuwa na sehemu mbili: juu wavuvi, chini akina mama wanane chini ya chanja, wanangoja. Mwaka uliofuata nikaiona kwenye kalenda. Akina mama wamekatwa. Chini ya wavuvi kumeandikwa maneno kwamba wanaua ziwa. Nililia mbele ya mwenye duka. Sikuwa nimeandikiana nao chochote, nilikuwa nimepokea fedha tu. Kwa hiyo uza ukitaka, lakini andika karatasi: jina la picha, kwamba haikatwi, kwamba haiongezwi maneno bila wewe. Jina la picha liandike nyuma ya ubao kwa rangi, si kwa kalamu.

Na kuhusu chupa zake. Chupa ni kweli, ziko, ziokotwe. Ila chupa ni kitu kinachoonekana, na aliyeitupa ni mtu mdogo anayejulikana. Yanayoliumiza ziwa zaidi hayaelei. Milima ikikatwa miti kwa mkaa na mashamba, mvua inashusha udongo, mto Luiche unaufikisha ziwani mwekundu kama chai ya maziwa, unatua juu ya mawe ambako samaki wadogo wa rangi wanakula mwani. Na kuna joto. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal. Chakula kinachoanzia maisha yote kimelala chini, kwenye maji baridi yasiyo na hewa, na upepo wa kusini wa kiangazi ndio unaokivuta kije juu. Hewa ya dunia inavyopata joto, maji ya juu yanakuwa mepesi, yanakaa kama kifuniko cha sufuria, upepo unashindwa kuyachanganya. Vijimea vinapungua, dagaa wanapungua, migebuka wanaowala dagaa nao vivyo hivyo. Watafiti walilitangaza hili mwaka 2003. Moshi mwingi ulioleta joto hilo haukutoka mwaloni Kibirizi. Picha inayomwonyesha mvuvi peke yake kama mkosaji inasema uongo, hata kama kila nyuzi ya wavu imechorwa sawasawa.

Nikupe mfano mmoja wa mbali. Osogbo, Nigeria, kuna msitu mtakatifu wa Osun, ambaye ni mungu wa kike na ni mto kwa wakati mmoja. Msanii Susanne Wenger, mzaliwa wa Austria, alifanya kazi humo na mafundi wa palepale kwa miaka mingi, wakasimamisha masanamu na vihekalu, na ule utakatifu uliojengwa upya ukauzuia msitu usimezwe na mji. Mwaka 2005 UNESCO ikauingiza kwenye urithi wa dunia. Sanaa ilishinda, waweza kusema. Lakini katika miaka ya karibuni maji ya Osun yamegeuka rangi ya matope kwa sababu ya uchimbaji wa dhahabu juu ya mto, na waumini bado wanakwenda kuyachota. Nalifikiria hilo kila ninapochora. Ukichora mahali patakatifu, chora na kinachotoka mlimani kuja hapo.

Huyo mwanamke wa mkia usimfute. Mgeuze ubao, anza upande wa pili.

SWALI: Mama, mimi ni mwalimu Tabora, nafundisha watoto kuchora. Sisi hatuna ziwa. Nikiwaambia wachore maji wanachora bomba na ndoo. Je, kuna utakatifu wowote kwenye bomba?

JIBU: Mwalimu, watoto wako wamekuzidi, waache na ndoo zao. Wanachora wanachokijua kwa mabega.

Ila wape safari ya yale maji. Zamani Tabora ilinywa Igombe, na mto ule unakwenda zake magharibi mpaka Malagarasi, Malagarasi unaingia Tanganyika kwetu, Tanganyika inatokea Lukuga, Lukuga inaingia mto Kongo, mpaka Bahari ya Atlantiki. Siku hizi mnanywa pia maji ya Ziwa Victoria yanayoletwa kwa mabomba, na hayo ndugu zake yanateremka Naili kwenda Misri. Kwa hiyo mtoto wa Tabora ameshika kikombe ambacho kingeweza kumwagika bahari mbili tofauti. Waambie pia kwamba mkataba wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri uliwafunga watu wa huku wasijenge kitu cha kupunguza maji yale bila idhini ya Misri, na mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ikasema nchi huru haifungwi na karatasi ya mkoloni. Bomba lile lina historia nyuma yake.

Fanya hivi: karatasi moja ndefu ukutani, kila mtoto achore hatua moja ya safari, wa mwisho achore mkono wa mama yake ukimimina. Kama kwao kuna neno linalosemwa kabla ya maji ya kwanza kumwagwa chini kwa ajili ya wazee, waliandike hapo kwa Kinyamwezi chao.

SWALI: Nataka kutumia mawese badala ya rangi za kununua, kwa kuwa ni zao letu la Kigoma na nachora ziwa. Yanakubali?

JIBU: Hayakubali, mwanangu, na nimeharibu mbao nyingi kuligundua hilo. Mawese hayakauki. Dondoshea tone kwenye karatasi, rudi baada ya mwezi, bado linang'aa na limetanda. Na ule wekundu wake jua linaula, utabaki na doa lililopauka.

Tumia udongo. Chota ule mwekundu wa kingo za barabara, ukaushe, utwange, uchekeche kwa kitambaa chepesi, uloweke kwenye ndoo, ukoroge, acha mchanga utue, kisha mimina yale maji mekundu kwenye chombo kingine na uyaache siku mbili. Kinachobaki chini ni laini kama unga wa muhogo. Changanya na kiini cha yai na maji kidogo, au gundi nyeupe ya mbao iliyochujuliwa. Paka tabaka jembamba, ngoja likauke, paka jingine. Kwa kusagia tumia maji ya ziwa lenyewe, uyachuje kwanza, na uandike nyuma ya ubao uliyachota wapi na mwezi gani.