Santuri Hii Si Ile ya Gramafoni

Ndugu zangu mliofika Pune, India, mwaka huu kwa masomo, Desemba haitapita bila mtu kuwaburura kwenye muziki wa klasiki wa Kihindi. Nendeni, ila msiende na haraka kama yangu ya mwaka wa kwanza.

Santuri ninayoisema ni kisanduku cha mbao kutoka Kashmir, kipana upande wa mpigaji na chembamba mbele, chenye nyuzi zinazokaribia 100. Hupakatwa mapajani na kugongwa kwa vijiti viwili vyepesi. Aliyezoea kanuni ya taarab ataona udugu hapo, ingawa kanuni hupigwa kwa vidole. Nyuzi hizo hulegea kwa joto la taa, basi msanii hukaa akizikaza moja moja, na mpigaji wa tabla, zile ngoma mbili za mkono, naye anagonga ukingo wa ngoma kwa kinyundo, mpaka sauti zikubaliane. Mimi nilidhani wimbo umekwisha. Nikapiga makofi, peke yangu. Bibi mmoja aliyekaa kando yangu alinitazama, akacheka. Nilijifariji baadaye niliposoma kwamba New York, mwaka 1971, umati mzima ulimpigia makofi Ravi Shankar, mpigaji wa sitar, akiwa bado anaweka nyuzi sawa.

Kisha huja alap: tabla kimya, santuri inaitambulisha raga, yaani mpangilio wa noti unaojenga wimbo, taratibu, pengine nusu saa. Hapa ndipo wengi hutoa simu. Tazameni vijiti badala yake. Uzi ukishagongwa sauti huanza kufa papo hapo, haivutiki kama ya mwimbaji, na hilo ndilo walilolilaumu wakosoaji Shivkumar Sharma alipokileta chombo hiki jukwaani miaka ya 1950. Dawa yake ilikuwa kukitelezesha kijiti juu ya nyuzi kikitetemeka, sauti ikaunganika.

Tabla ikiingia, hesabuni. Tintal, mzunguko wa mapigo unaorudiwa, ina mapigo 16, manne manne: kofi kwenye la 1, la 5 na la 13, kwenye la 9 geuza kiganja juu, usipige. La kwanza huitwa sam. Wapigaji watatangatanga makusudi, kila mmoja na njia yake, halafu wote wawili watue sam kwa pamoja, na ukumbi utatoa "wah!" kabla hujajua kilichotokea. Ukipotea, angalia mkono unaohesabu kwenye goti la mzee yeyote wa jirani. Yule bibi hakunisemesha neno. Alisogeza tu mkono wake nilipoweza kuuona, akaendelea kuhesabu.

Na shali msisahau. Usiku wa Desemba uwanjani, chini kwenye zulia, Pune ina baridi.