Ami anataka kukata mivule, popo waende wapi?

SWALI: Shikamoo bibi. Mi nipo Wete, Pemba. Baba alifariki akatuachia shamba, lina mivule mikubwa mitatu na miembe pembeni, mpaka leo mirathi hatujagawana. Kwenye mivule wamejaa popo, usiku wanashuka kwenye maembe. Sasa ami anasema tuiangushe tuuze mbao, popo watakwenda zao wenyewe, na vijana wa jirani washazoea kuja na manati kuwapiga. Mi na dada yangu tunataka pabaki kama palivyo ila kugombana na ami hatuwezi. Tufanyeje? (Mrithi, Wete)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hilo la mirathi, maana hapo ndo penye kesi yenyewe na popo wanafuata. Hujaniambia wewe ni mwanamme au mwanamke na hiyo ni tofauti kubwa, marehemu akiacha mtoto wa kiume ndugu yake harithi, kwa hiyo ami anakuwa mshauri tu, lakini kama mmebaki mabinti watupu basi na yeye anaweza kuwa na fungu lake humo. Nendeni kwa kadhi mkagawiwe kabla shoka halijaguswa, na ami mwende nae, msimzunguke. Halafu mkumbusheni kwa adabu kwamba mti kama ule haukatwi bila kibali cha watu wa misitu, hata uwe umeota mlangoni kwako.

Haya, popo. Hao wakubwa mlionao hawapo Unguja, hawapo bara, dunia nzima wapo Pemba tu. Akikunjua mabawa anafika karibu mita 1.6, na jike anazaa mtoto mmoja kwa mwaka, ndo maana wakipigwa wanachelewa sana kurudi. Mwaka 1989 waliokuwa wanaonekana ni wa kutafuta, mwaka 1996 wakawekwa kwenye kundi la wanyama walio ukingoni kabisa kutoweka duniani, sababu ni hizo hizo, bunduki na mitego kwa ajili ya nyama, na misitu kufyekwa. Waliowarudisha ni wanakijiji wenyewe kuunda vikundi na kulinda miti wanayolala, Kidike si mbali na nyie mkaone. Hesabu za baadae zikapita 20,000.

Sasa mwambie ami apite chini ya mivule asubuhi aangalie ardhini. Ataona vitonge vikavu vya makapi, popo anatafuna shelisheli au embe, anafyonza maji anatema makapi, zile mbegu ndogo ndogo kama za mkuyu anazimeza na anazitoa huko mbele akiwa anaruka. Na mvule nao, popo wala matunda ndo wasambazaji wakubwa wa mbegu zake! Yaani hizo mbao anazozipigia hesabu huenda zilipandwa na babu zao hao hao anaotaka kuwafukuza. Na hawatakwenda zao kirahisi hivyo, miti mirefu iliyotulia imebaki michache, wengi wamekimbilia hata kwenye miti ya makaburini.

Maembe: chumeni yakishakomaa kabla hayajaiva mtini, popo anafata harufu ya lililoiva. Msitandike nyavu nyembamba zilizolegea, atanasa afe na nyie nyavu mmepoteza. Embe lenye alama za meno litupwe, na mtoto wa popo akianguka asishikwe kwa mikono mitupu, watoto wenu waambieni hilo.

Vijana wa manati msiwafukuze peke yenu, mtajenga uadui bure na usiku mkilala watarudi. Nendeni kwa sheha, muombe jambo lipite kwenye kamati ya uhifadhi ya shehia na hao hao vijana waitwe kikaoni. Mmoja wao mkimpa kazi ya kulinda na kuhesabu popo mtakuwa mmemaliza nusu ya ugomvi. Ila pesa za wageni msimuahidi mtu, watalii si lazima waje, mi nimeona watu wanajenga kibanda cha tiketi kabla ya kupanda hata mti mmoja.

Na mkitaka pabaki hivyo hata nyie mkishaondoka duniani, fikirieni wakfu. Mkishagawana, wewe na dada yako kila mmoja ana uwezo juu ya fungu lake, na kilichowekwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi. Ardhi Zanzibar ni ya serikali, nyie mna haki ya matumizi na miti, kwa hiyo pitieni kwanza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana wawaambie kinachoandikika ni kipi.

SWALI: Bibi, kikundi chetu kinapanda mikoko kila mwaka na kila mwaka inakufa. Miche mibovu? (Wanakikundi)

JIBU: Sidhani ni miche. Mnapanda wapi? Kama ni tope tupu au kwenye majani ya bahari ambapo mikoko haijawahi kuota, bahari inawajibu hapana. Wengi wanachomeka mkoko wenyewe kwa sababu mbegu yake ndefu ni rahisi kuichomeka, kumbe mikoko ni ya aina nyingi, ukingo wa bahari ni wa aina iitwayo mlilana, na mchu nao una pahala pake. Na angalieni kama maji yanaingia na kutoka, tuta la chumvi au barabara likiziba mkondo mikoko inakufa hata ile mikubwa. Fungueni mkondo kwanza, mbegu zinaletwa na maji zenyewe, halafu mwakani mpande pale tu palipobaki wazi.