Kabla Hujanunua Geti la Mtoto: Majibu Kutoka Dukani Langoni

Nauza vitu vya watoto hapa Langoni, mjini Lamu, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kila wiki kuna mzazi anayesimama kaunta na simu mkononi kunionyesha kitu alichokiona mtandaoni. "Hiki unacho, Bi?" Mara nyingi ninacho, au naweza kukiagiza Mombasa. Kama anakihitaji ni habari nyingine. Haya ni baadhi ya maswali niliyoulizwa tangu Ramadhani, na majibu niliyoyatoa. Mengine yamenikosesha biashara.

Shikamoo Bi. Tunaishi nyumba ya zamani Mkomani, ngazi ni za mawe na zimesimama wima. Mwanangu ana miezi tisa na ameshaanza kutambaa. Lile geti la kubana ukutani bila kutoboa, litatufaa?

Marahaba mwanangu. Halitawafaa, na nimelijua hilo kwa aibu. Nililitia mwenyewe nyumbani kwa dada yangu. Lina skrubu nne zenye vichwa vya mpira. Unazizungusha mpaka zikaze ukutani, basi. Kwenye ukuta wa saruji hushika. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyopakwa lipu ya chokaa, na chokaa ikisukumwa siku baada ya siku humong'onyoka ndani kwa ndani, nje huoni kitu. Mjukuu wa dada alikuwa na mwaka na mwezi. Alilishika kwa mikono miwili, akalitikisa kama anavyotikisa chandarua, likang'oka na kipande cha chokaa kipana kama mkate wa mofa. Mtoto, geti na chokaa wakashuka pamoja hadi ngazi ya tatu. Mungu alimweka, akapata nundu ya kipaji tu. Lakini siku ile dada hakuniambia neno, na dada yangu si mtu wa kunyamaza.

Hata ukuta ungekuwa wa saruji, geti la kubana haliwekwi juu ya ngazi. Lina chuma kinachopita chini sakafuni, na wewe uliyebeba sinia la chai gizani utakikwaa kabla mtoto hajalisukuma. Chini ya ngazi si vibaya.

Mwite fundi seremala. Mwambie akutengenezee kilango kifupi cha mbao, kikae kwa bawaba kwenye mwimo wa mlango wenyewe, si kwenye chokaa, na kifungukie upande wako, si upande wa ngazi. Fito zisimame wima, kwani zikilala umemjengea ngazi ya pili. Nafasi baina ya fito uipime kwa kopo la soda: kopo likipita, ni pana mno. Komeo litiwe upande wa nje, mkono wa mtoto usipofika. Na ukishampata fundi, mpeleke juu akutilie komeo la pili kwenye mlango wa paani, juu kabisa. Watu hukumbuka ngazi na kusahau zinakoelekea.

Nimeona mtandaoni bangili ya mtoto inayopiga kelele ikigusa maji. Choo chetu kina birika la zamani, lile hodhi la maji la kujengewa, na mwanangu wa miaka miwili haliachi. Niagize?

Haliachi kwa sababu ya samaki, sivyo? Wazee walitia visamaki birikani ili wale viluwiluwi vya mbu, na baadhi ya mabirika yana bakuli la kaure lililojengewa chini, maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Kwa mtoto wa miaka miwili hiyo ndiyo sinema. Anashika ukingo, anainuka kwa vidole vya miguu, anachungulia. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito kuliko unavyodhani. Kikishapita ukingo, miguu hukifuata.

Bangili ile hailii mpaka mtoto ameshaingia majini. Tena mlango wa choo ni mzito, jikoni nazi inakunwa, redio inasema. Kuzama kwa mtoto hakuna makelele wala kutapatapa kama watu wanavyodhani, ni kimya na ni dakika chache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wasiofika miaka mitano.

Usiagize. Tia kifuniko cha mbao za mapengo membamba, samaki wapate hewa, chenye bawaba upande mmoja na kitasa upande wa pili, na kiwe imara kiasi cha mtoto kusimama juu yake kisibonyee. Usifunike kwa turubai wala kwa plastiki nyepesi, kwani mtoto akipanda hudidimia nayo na maji hayaonekani tena. Halafu tia komeo mlango wa choo kwa juu. Na ndoo ya kufulia uimwage ukimaliza, usiseme utairudia. Maji ya kina cha vidole vitatu yanamtosha mtoto mchanga.

Nikiwa mkweli, samaki wachache kwenye gudulia la kioo juu ya kabati watapunguza nusu ya hamu yake.

Zile plastiki za kuziba soketi za umeme, pakiti ya kumi, mna?

Ninazo na siziuzi tena. Soketi zetu ni za pini tatu kama za Uingereza, na ndani tayari mna vilango vinavyofunga matundu mawili ya chini. Hufunguka pini ndefu ya juu inapoingia, na kidole hakiwezi kuvifungua. Ile plastiki ikiwa haikukatwa kwa kipimo, au mtoto akiichomoa na kuirudisha kichwa chini, pini yake ndiyo inayovifungua. Mwaka 2016 hospitali za Uingereza ziliagizwa ziziondoe. Fedha yako nunua ekstenshoni nzuri, maana zile rahisi za matundu ya kila namna hazina vilango vyovyote.

Bi, kuna kijana hapa dukani kwetu Malindi anauza jaketi za watoto za kuokoa maisha na pia yale maboya ya kuvaa mikononi. Tunakuja Lamu kwa Maulidi, tutavuka kutoka Mokowe, upande wa bara. Lipi bora?

Maboya ya mikononi ni mchezo wa ufuoni. Hutoka, hupasuka, na hayawezi kumgeuza mtoto akiwa uso uko majini. Nunua jaketi, lakini usilinunue kwa rangi. Soma kitambulisho ndani: kimeandikwa kilo, na kilo ziwe za mwanao leo, si za mwakani. Wazazi hununua kubwa "akue nalo" kama viatu vya shule. Jaketi kubwa likiingia majini hupanda na mtoto huteremka. Liwe na kola nene nyuma ya kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mvalishe palepale dukani, funga kila kitu, kisha mwinue kwa kushika jaketi mabegani. Kidevu na masikio vikizama ndani ya kola, rudisha. Bonyeza na povu lake la ndani: likibaki na alama ya kidole au likivunjika kwa ndani, limeshaliwa na jua.

Mchanga aliye mikononi ni vigumu kumpata wa saizi yake. Mkae naye katikati ya chombo, chini, na, tafadhali, usimfunge mgongoni wala kifuani kwa leso. Najua ndivyo anavyotulia. Chombo kikipinduka mtakwenda pamoja na hutaweza kumtoa. Kwenye gati nahodha atakwambia maji ni shwari, safari ni fupi, jaketi la nini. Mwitikie salamu yake na umvalishe mtoto.

Mdogo wangu alikunywa mafuta ya taa kutoka chupa ya soda wiki iliyopita. Sasa yuko salama, alhamdulillahi. Mama anataka vifuniko vile ambavyo mtoto hafungui. Vipo?

Alhamdulillahi. Hukuuliza, lakini nitalisema hili kwanza kwa sababu litarudi kwa jirani yako: akinywa mafuta ya taa hatapishwi, halazimishwi maziwa wala mafuta ya nazi. Mafuta ya taa ni mepesi, yakipanda kooni yanateremkia mapafuni, na mapafu ndiyo yanayoua. Mvue nguo iliyolowa, muoshe, mpeleke hospitali na ile chupa mkononi, hata kama anacheka. Kikohozi kinaweza kuja saa kadhaa baadaye.

Vifuniko vya kubonyeza na kuzungusha vipo, huja na chupa za dawa. Vina manufaa, ila msivipe imani ambayo hata waliovibuni hawakuwa nayo. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 1970, na kipimo chake ni hiki: watoto wa miaka mitatu na nusu hadi minne na kidogo wanapewa chupa, dakika tano, na wasiopungua 85 katika kila 100 washindwe kuifungua. Hesabu mwenyewe waliobaki. Vimekusudiwa kumchelewesha mtoto mpaka wewe ufike.

Kosa lenu si kifuniko, ni chupa. Mtoto anayejua soda hajui kwamba chupa ileile leo ina kitu kingine. Mafuta yakae kwenye dumu lake, dumu likae mahali palipoinuka na pafungwe. Na muuzaji akikupimia kwenye chupa ya soda, nenda na dumu lako kesho.

Mama mkwe amemvisha mtoto hirizi shingoni kwa uzi mweusi, na wifi ametuma kutoka Maskati mkufu wa kaharabu wa kutuliza meno. Sitaki kuwavunjia heshima.

Wala usiwavunjie. Ugomvi wetu ni na shingo tu. Uzi hunasa kwenye kitasa, kwenye ncha ya kitanda, kwenye fito za kile kilango tulichokizungumza juu. Kuhusu kaharabu, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo Desemba 2018 baada ya mtoto wa miezi 18 kunyongwa na mkufu kama huo akiwa amelala. Na uzi ukikatika, shanga zinaingia mdomoni. Kwa meno, kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi kinafanya kazi zaidi.

Mwambie mama mkwe, kwa adabu na mbele ya mumeo, kwamba mtoto huvuta uzi na unaogopa asiikate hirizi ya watu. Iwekwe juu ya mlango wa chumba, nayo imlinde kutokea pale. Wangu alikubali. Wifi mpigie picha mtoto akiwa macho amevaa mkufu, mtumie, kisha uvue.

Vitu vya kumeremeta vya Idi, vile vya betri bapa kama sarafu, ni hatari kweli au ni maneno ya WhatsApp?

Safari hii WhatsApp imesema kweli. Ikikwama kooni, mate yanakamilisha njia ya umeme na nyama inaanza kuungua. Saa mbili zinatosha. Australia ndiyo nchi ya kwanza duniani kuwalazimisha wauzaji, kuanzia Juni 2022, wahakikishe mtoto hawezi kuufungua mlango wa betri. Hapa kwetu ukague mwenyewe: mlango usiokuwa na skrubu, usinunue. Akimeza, ni hospitali mara moja na waambie ni betri, wapige eksirei. Akiwa ameshapita mwaka mmoja na anaweza kumeza, mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika kumi mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali haisimamishi safari, na chini ya mwaka mmoja haipewi kabisa. Chakula na maji mengine hapana.

Bei ya kigari cha kujifunzia kutembea?

Hakimfunzi kutembea. Kinamfikisha kwenye jiko la makaa na kwenye ngazi kabla hujageuka, na Canada ilipiga marufuku kuviuza tangu 2004. Nilikuwa na kimoja kilichobaki. Nimekitoa magurudumu, nakitumia kuwekea vitunguu.